Foronya Isiyofuliwa

Mtaa wa Alder, Na. 14,
Widnes,
Uingereza.
10 Machi 2019.

Mpendwa Bibi Doreen,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi, maana mwezi wa tatu umeingia na bado tunavaa sweta mbili mbili. Natumaini nyonga mpya imeuzoea mwili wako, na joto la huko Fremantle limeanza kupungua. Mama aliniambia kwamba mwezi wa pili mlikuwa mnalala na shuka zilizoloweshwa maji ili mpate usingizi. Hapa kwetu shuka likiloa ujue paa linavuja.

Sisi tu wazima. Mama bado anapika kwenye jiko la shule, na bado hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kupangusa kitu. Babu Wilf alishikwa na mafua mazito mwezi uliopita, akalala kitandani siku kadhaa akilalamika kama mtu anayelipwa kulalamika. Sasa amepona. Kimebaki kikohozi cha asubuhi tu, na majirani wanakitumia kama saa.

Kwenye kadi yako ya Krismasi uliniuliza swali ambalo hata watu wa hapa hawajalielewa: mimi ni mwanafunzi au ni mfanyakazi? Ni vyote viwili, Bibi, na kuna siku naona si chochote kati ya hivyo. Siku nne niko kwenye maabara ya kampuni, nimevaa koti jeupe na miwani ya plastiki. Siku ya tano napanda treni kwenda Liverpool, chuo kikuu, kusoma kemia. Kampuni inanilipia ada na inanipa mshahara, ila zile likizo ndefu za wanafunzi nazisikia tu kwa wenzangu. Haroon, mwanagenzi mwenzangu kutoka Bolton, anasema sisi ni popo. Ndege hawatutaki na wanyama hawatutaki, lakini usiku tunaruka.

Mwaka wa kwanza niliwekwa upande wa dawa ya meno. Mwaka wa pili nikahamishiwa kwenye shampuu, kazi yangu ikawa kuosha na kuchana mafungu ya nywele yaliyoning'inizwa kwenye vibanio. Bibi Enid alikuwa bado yupo wakati huo, na alicheka mpaka akashika mbavu. "Tumekusomesha uwe mwanasayansi," akaniambia, "umekuwa msusi wa watu wasio na vichwa!"

Bibi, namkumbuka sana. Nimeanza barua hii nikijiambia nitaandika habari za kazi tu, lakini naona kila nikishika jambo la kazi, yeye yumo ndani yake.

Siku yangu ya kwanza kazini alitaka kunisindikiza mpaka getini, na mimi nikiwa na miaka kumi na minane niliona aibu kama nini. Alivaa koti lake la kanisani. Kile kibanda cha kufungia sabuni, mlichofanya kazi wewe na yeye, kimebomolewa zamani na sasa ni maegesho ya magari. Lakini yeye alisimama pale akanyoosha mkoba wake, akamwambia mlinzi, "Unaona lile gari jekundu? Hapo hapo ndipo mdogo wangu Doreen alipomrushia msimamizi kipande cha sabuni."

"Alimpata?" mlinzi akauliza.

"Sikioni. Na baada ya hapo sikio lile ndilo lililokuwa safi kuliko yote Widnes."

Mlinzi yule mpaka leo akiniona ananiuliza habari zako. Wewe hujakanyaga kiwanda hiki tangu mwaka sitini na tisa, lakini getini unajulikana kuliko mkurugenzi.

Alinisimulia mengine pia tukiwa tunakausha vyombo. Jinsi mlivyokuwa mkienda dansi Jumamosi, na hata mjipake manukato gani, wavulana walijua mnatoka kwenye sabuni kwa sababu harufu ilikuwa imekaa kwenye nywele. Jinsi upepo ukitoka mtoni mtaa mzima ulinukia kama bafu la tajiri, na upepo ukigeuka kutoka kwenye viwanda vya kemikali mlikimbilia kufunga madirisha. Sasa hivi upepo haunukii kitu. Mambo yote yanafanyika ndani ya mabomba yaliyofungwa, ni salama zaidi, na mimi kama mtu wa maabara nasema ni vizuri. Kama mjukuu wa Enid nasema wamenidhulumu.

Basi, sasa niko kwenye sabuni ya unga, na kazi yangu kwa neno moja ni uchafu. Tunao uchafu wa kutengeneza, matone ya mchuzi, chai na matope yaliyopimwa, lakini uchafu huo una adabu mno. Uchafu wa kweli ni ule wa watu. Kwa hiyo kampuni inagawa foronya nyeupe kwenye nyumba za wafanyakazi na za jirani. Watu wanazilalia wiki nzima, kisha wanazirudisha kwenye mifuko ya zipu, na sharti ni moja tu: wasizifue.

Zikifika maabara tunazikata katikati. Nusu moja inafuliwa kwa sabuni ya zamani, nusu nyingine kwa sabuni mpya. Baadaye tunazishona pamoja tena, halafu watu wa jopo wanasimama chini ya taa kali na kusema upande upi umetakata zaidi. Kichwa ni kimoja na jasho ni moja, kwa hiyo sabuni haina pa kujitetea.

Bibi Enid alishiriki majaribio hayo miaka mingi kabla mimi sijaajiriwa, na alijivunia. Alisema kichwa chake kimeisaidia sayansi kuliko vichwa vya maprofesa wengi. Foronya ikichanika pembeni kidogo aliishona kabla ya kuirudisha, kwa uzi wa kijani, maana unajua mwenyewe alivyokuwa. Uzi mweupe, alisema, ni wa watu wenye muda wa kutafuta uzi mweupe.

Alipoumwa ghafla ule mwezi wa kumi na moja wa mwaka juzi, gari la wagonjwa lilimchukua kutoka kitandani kwake, na hakurudi. Hayo unayajua. Wewe ulikuwa hospitalini kwa ajili ya nyonga, daktari amekukataza ndege, na Mama akakushikia simu kanisani ili usikie nyimbo. Jambo ambalo hukulijua, na sisi pia hatukulijua, ni kwamba wiki ile kitandani kwake kulikuwa na foronya ya majaribio.

Kampuni iliidai. Babu Wilf akawajibu imepotea. Kumbe aliitia kwenye mfuko wake wa zipu, akaifunga, akaiweka chini ya godoro upande wa Bibi. Hakumwambia mtu. Mwaka mmoja na zaidi mzee alikuwa akiutoa mfuko ule mara moja moja, anaufungua, ananusa, anaufunga. Mimi nilimtembelea kila wiki na sikujua, na kusema kweli liliniuma kidogo kwamba hakuniambia.

Sasa sikia kilichotokea. Mwezi wa pili nilimpelekea Babu foronya mpya za majaribio, naye akazilalia na mafua yake yote. Wiki ilipoisha, Mama akaenda kumsafishia chumba huku mzee amelala kwenye kiti sebuleni. Akakusanya foronya za majaribio. Alipoinua godoro kuchomekea shuka, akakuta nyingine kwenye mfuko wa zipu ule ule wa kampuni, yenye utepe wa namba kama zile nyingine. Akadhani ni mafua tu yamemsahaulisha mzee. Akaichanganya na wenzake, akaniletea furushi zima mlangoni, nami nikalipeleka kazini kama nilivyopokea. Kanuni inatukataza kuchungulia ni kichwa cha nani.

Ijumaa asubuhi mimi ndiye niliyeshika mkasi. Nilikata foronya za mtaa mzima, za kushoto kikapu hiki, za kulia kikapu kile, huku Haroon akinisimulia mechi ya Bolton kama mtu anayetangaza msiba. Akachukua kikapu cha kushoto, akajaza mashine ya kwanza, akaiwasha. Mimi nikaanza kupakia mashine ya pili. Nusu ya mwisho kwenye kikapu changu ilikuwa na mshono wa kijani pembeni.

Bibi Doreen, mikono yangu ilielewa kabla ya kichwa. Nilitazama utepe, nikaona namba zimeshonwa kwa rangi nyekundu, ile ya zamani, wakati za mwaka huu ni za bluu.

"Zima mashine!" nikapiga kelele.

"Maji yameshaingia," Haroon akasema. "Kuna nini, umeacha mkasi ndani?"

"Zima, Haroon! Ni ya bibi yangu!"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Kusimamisha mashine katikati ya jaribio ni kuliharibu jaribio zima, na hilo si la wanagenzi kuamua. Bi Geraldine, msimamizi wetu, akaja kutoka ofisini kwake akiwa na kikombe mkononi. Ni mama mkavu, hacheki kabla ya saa sita. Nilimwonyesha ule mshono.

Akaushika kwa ncha za vidole. "Enid wa uzi wa kijani?" akauliza. Alikuwa akizipokea foronya zake miaka yote ile, akilijua jina na mshono bila kumwona mwenyewe. Akaweka kikombe chini, akabonyeza kitufe yeye mwenyewe.

Maji yalitoka polepole, mlango ukafunguka. Nusu ya kushoto ilikuwa imelowa chapachapa na povu, inanukia maua ambayo hayajawahi kuota Widnes. Sabuni mpya, Bibi. Inafanya kazi vizuri mno. Nilisimama nayo inachuruzika kwenye viatu vyangu, na kwa mara ya kwanza tangu niingie kampuni hii nilitamani tungekuwa watu tusioijua kazi yetu.

"Jaribio limeharibika," Haroon akanong'ona.

"Naona," Bi Geraldine akamjibu. "Vichwa vya watu wa Widnes havitaisha uchafu. Tutagawa nyingine Jumatatu. Wewe Maeve, weka hiyo kavu kwenye mfuko kabla haijashikwashikwa, halafu nenda kaoshe uso."

Nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo, na kabla sijaufunga mfuko nikanusa. Alikuwepo. Krimu yake ya usoni, dawa ya kushikiza nywele, peremende za mnanaa alizoficha chini ya mto ili Babu asizimalize, na chini ya hayo yote, yeye mwenyewe. Ninaweza kukutajia mafuta na asidi zinazofanya harufu ya kichwa cha mtu, nimeziandikia mtihani na nikafaulu. Nililia mpaka miwani ikajaa ukungu.

Jioni nilikwenda kwa Babu. Niliweka mezani mifuko miwili, mmoja wenye nusu kavu, mmoja wenye nusu iliyofuliwa. Mzee alikuwa ameshapekua chumba kizima siku nzima, magodoro yamesimama ukutani.

"Nani kagusa kitanda changu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikata, jambo ambalo unajua si kawaida yake.

"Umeikata," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Na hii imefuliwa."

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

"Nenda nyumbani, mtoto. Kuna baridi."

Ndiyo hayo tu. Angenifokea ningepumua.

Mama alipojua, alikaa kwenye ngazi akalia. Alimpigia simu Babu, hakupokea. Siku iliyofuata akampikia skausi sufuria nzima, nyama na viazi vimelainika kama anavyopenda, akaipeleka mwenyewe. Babu akafungua mlango, akapokea sufuria, akafunga mlango. Mama akarudi na glavu za jikoni tu, analia na kucheka kwa pamoja.

Ilikuwa hivyo wiki nzima na zaidi. Nilikuwa naogopa, Bibi. Niliogopa kwamba tumempoteza Bibi Enid mara ya pili, na kwamba safari hii tutampoteza na Babu humo humo. Tumebaki wachache. Mtu akifunga mlango wake katika familia kama yetu, nyumba nzima inaingia giza.

Leo Jumapili, nyama iko kwenye oveni, tukasikia kile kikohozi nje. Babu akaingia na sufuria ya Mama, imeoshwa, inang'aa. Akaketi mahali pake, akala nyama, akaongeza viazi, akasema mchuzi una chumvi nyingi. Mama akakubali kwamba una chumvi nyingi, ingawa haukuwa nayo.

Halafu akasema, "Lorraine, ukigusa kitanda changu tena nitahamia Australia."

"Doreen hatakupokea," Mama akamjibu, na sauti ikamkatika katikati. Babu akamshika mkono juu ya meza, akamwambia basi, yaishe, nia yake ilikuwa njema.

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko mmoja, akausukuma mbele yangu. "Hii mpelekee Doreen."

Nilitazama, nikaona ni ile nusu kavu. Nikadhani amekosea. "Babu, hii ndiyo ambayo haikufuliwa. Ile nyingine ndiyo iliyofuliwa."

"Mimi nina kikohozi, sina upofu."

"Lakini ndiyo peke yake iliyobaki."

"Najua iliyobaki ni ipi!" Akapangusa makombo ambayo hayakuwepo. "Sikiliza. Mimi nimelala na Enid miaka hamsini na miwili. Nikizima taa nampata. Na hiyo foronya nimeinusa mwaka mzima peke yangu kama mchoyo. Doreen alilala naye kitanda kimoja tangu alipotoka kwenye susu ya utotoni, mpaka mimi nilipokuja na suti ya kuazima nikamwondoa. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Na mazishini alipewa simu. Mpelekee."

Mama akaomba anuse mara moja tu kabla sijafunga, na Babu akamruhusu, akageukia dirishani mpaka alipomaliza.

Ile nusu iliyofuliwa amebaki nayo yeye. Ameishona mwenyewe juu ya foronya yake, mishono ya ovyo ambayo Bibi angeifumua papo hapo. Anasema inanukia duka, lakini ni kitambaa kile kile.

Kwa hiyo ndani ya furushi hili, chini ya chai na biskuti ulizoagiza, utakuta mfuko ndani ya mfuko. Usiufungue mbele ya watu wa posta wala mbele ya mwanao Glenn. Subiri uwe peke yako, feni imezimwa, dirisha limefungwa. Nakuambia ukweli kama mtu aliyesomea mambo haya miaka mitatu: harufu itaisha. Kila ukifungua unatumia kidogo, na siku moja utafungua ukute pamba tu. Usiihurumie kupita kiasi. Itumie.

Nisalimie Glenn na mkewe Trudy, na wale mapacha wao uwaambie dada yao wa Widnes anaomba picha ambayo wote wawili wamefumba midomo. Mama anakusalimu sana. Haroon naye, ambaye hujamwona, anakupa pole na anasema angependa kusikia habari za sikio la msimamizi kutoka kwa mrushaji mwenyewe. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema, na atupe siku ya kukaa meza moja kabla hatujawa wa kusimuliwa tu.

Wako akupendaye daima,
mjukuu wa dada yako,
Maeve.

N.B. Babu amesimama nyuma ya kiti changu na hataki niifunge bahasha mpaka niandike hili kwa herufi kubwa: DOREEN, USIIFUE.